Maji ya Kulowekea

Loveness aliuleta ule mwani Jumapili jioni. Ulikuwa jani moja refu limekunjwa ndani ya karatasi ya kahawia, gumu kama ngozi ya kiatu iliyokaushwa juani, jeusi linaloelekea kijani. Pamoja nalo kulikuwa na uyoga mkavu, vichwa kumi na viwili, nilivihesabu. Akaviweka mezani, akaenda kuoga.

Loveness ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Felista. Ana miaka ishirini na mitatu. Alikuwa anaosha vyombo kwenye mgahawa mmoja wa chakula cha Kijapani huko Masaki, mwaka wa pili huo. Wapishi wa pale walikuwa wanne, mmoja akaondoka kwenda Dodoma, na nafasi yake ikawa inagombewa na wawili, Loveness na kijana mwenzake anaitwa Stanley. Mpishi mkubwa, Erasmus, akawaambia kwamba Jumamosi asubuhi kila mmoja atapika supu moja tu. Kwa supu hiyo atajua nani anasogea kwenye jiko na nani anabaki kwenye sinki.

Supu yenyewe wanaiita dashi. Loveness alinieleza akiwa anajifuta maji miguuni. Kwa kawaida Wajapani huipika kwa samaki mkavu, lakini wapo wateja wasiokula kitu chochote chenye damu, na kwa ajili yao wanatumia mwani na uyoga peke yake. Hakuna kitunguu, hakuna nyanya, hakuna mafuta. Nikamuuliza sasa supu iko wapi hapo. Akacheka, akasema supu ndiyo maji yenyewe, na vyakula vingine vyote vya pale vinaanzia kwenye maji hayo. Nilisikia alichosema, ila nilikisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Akaniambia pia kwamba akishinda atahamia Msasani, kwenye chumba wanachokaa wapishi, maana jiko linafungwa usiku na Ukonga ni mbali. Akishindwa ataendelea kukaa kwangu. Yote mawili aliniambia kwa mara moja, na mimi nikasema sawa kwa yote mawili.

Nyumbani kwetu chakula hakipakuliwi mpaka mkubwa aonje. Ndivyo alivyokuwa mama yangu kule kwetu Kamachumu, na desturi hiyo nilikuja nayo Dar nilipoolewa na marehemu Revelian, aliyekuwa askari magereza hapa Ukonga. Felista alikua hivyo. Alikuwa anachota kwenye mwiko, ananiletea, anasimama kusubiri. Nikisema bado, anarudi jikoni. Loveness naye hivyo hivyo. Hata mtaani, palipokuwa na harusi au kipaimara, sufuria kubwa zikikaribia kuiva walimtuma mtu aje aniite. Bibi Koku, njoo uonje. Naenda na khanga yangu, naonja, nasema ongezeni kidogo, au nasema acheni hivyo hivyo, narudi nyumbani.

Lakini ulimi wangu ulikuwa umekufa tangu mwezi wa kwanza. Felista aliugua tumbo wiki tatu, akalazwa, akafariki siku ya Alhamisi. Tukamsafirisha mpaka Kamachumu, tukamzika kwenye kibanja cha baba yake, kati ya migomba. Tulipotoka kuzika wakaleta ndizi na maharage. Nikatia mdomoni, nikatafuna. Nikasikia umoto na ulaini, basi. Nikadhani wamesahau chumvi. Nikawatazama wenzangu, wanakula. Nikajua ni mimi. Nikasema ni uchovu wa safari, nikirudi Dar nitakaa sawa.

Sikukaa sawa. Chai, limau, dawa ya kikohozi, vyote vikawa kitu kimoja. Pilipili inaunguza, lakini inaunguza kama moto unavyounguza mkono, haina utamu wake.

Sikumwambia mtu. Sina homa, sina kidonda, ningefika hospitali niseme naumwa nini. Kulia pia sikulia. Kule msibani watu waliliona hilo wakasema Koku ana moyo mgumu, nikawaacha waseme. Baada ya Pasaka jirani mmoja alikuwa na sherehe, wakaniita kwenye pilau. Nikaonja, nikasema ongezeni kidogo, kwa sababu ndiyo maneno yaliyokuwa karibu. Wakaongeza. Siku ile watu walikunywa maji sana, na lawama ikamwangukia binti aliyepika. Nilikuwepo pale, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nikanyamaza.

Basi. Jumanne Loveness alikuwa anaingia kazini mchana, kwa hiyo asubuhi akajaribu mara ya kwanza. Lile jani Erasmus aliwapa la kujifunzia, moja kwa kila mtu, linatoka mbali na hakuna la kuongeza. Loveness akalikata kati kwa mkasi ili apate majaribio mawili. Akaloweka kipande kimoja na uyoga sita kwa muda wa saa moja, kisha akawasha gesi. Sharti lake ni kwamba jani litolewe kabla maji hayajachemka. Viputo vidogo vikianza tu kupanda kutoka chini, unalitoa. Sasa mama mboga akapita mlangoni, Loveness akatoka kuchukua mchicha, wakaongea mambo yao, kurudi maji yanatokota na jani limo ndani. Yakawa yanateleza kama maji ya bamia.

Akaniletea kwenye mwiko. Nikasikia umoto. Nikamwambia imekaa sawa.

Akaonja na yeye, akakunja uso, akaonja tena. Akauliza kama mie sioni iko chungu kidogo. Nikamwambia labda ndivyo walivyo Wajapani. Akakubali.

Kazini Erasmus akawaelekeza kwamba anayejifunza ni bora aloweke usiku kucha kwenye baridi, ndipo apashe moto taratibu. Sisi hatuna friji. Jirani yetu Yasmini anayo, anauza barafu na maji ya kufunga. Jumatano jioni Loveness akatia kile kipande cha pili na uyoga uliobaki kwenye jagi lenye kifuniko, akajaza maji, akampelekea. Yasmini akamuuliza kama ni dawa ya mapenzi, kwa sababu friji yake ina chakula cha watoto. Loveness akamwambia ni supu. Yasmini akasema afadhali ingekuwa dawa.

Mimi huamka saa kumi na moja. Alhamisi ile niliamka, nikasali, nikafagia, nikaenda kwa Yasmini kuchukua jagi ili mtoto akiamka akute kila kitu tayari. Nikalifungua. Maji yalikuwa ya kahawia kama ya mfereji baada ya mvua, juu yana povu, chini kuna uchafu mdogo mdogo wa uyoga. Jani limevimba, linateleza.

Mimi tangu utoto nimeloweka vitu. Maharage, choroko, dagaa, makopa. Maji ya kwanza yanamwagwa. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno, ni kama kunawa mikono. Nikayamwaga kwenye karo. Nikalisugua lile jani kwa vidole mpaka utelezi ukaisha. Uyoga nikaukamua mmoja mmoja, vizuri. Nikajaza maji mengine masafi kutoka kwenye ndoo, nikarudisha kifuniko, nikaenda kuchemsha chai.

Loveness alipoamka alifurahi kuona jagi liko mezani. Akasema maji yametulia, hayana rangi sana. Siku hiyo hakutoka jikoni. Alikaa kwenye kigoda mbele ya jiko na hakuinua macho, mama mboga aliita mpaka akaondoka. Viputo vya kwanza vilipopanda akalitoa jani kwa uma, akapunguza moto, akaacha uyoga dakika chache, akachuja kwa kitambaa cheupe alichokifua mwenyewe. Akachota. Akaniletea.

Nikaonja, nikasema, "Hii imepita ya juzi."

Akaonja yeye. "Bibi, mie naona kama haina kitu."

"Ulimi wako bado mtoto," nikamwambia.

Maneno hayo nilikuwa namwambia mama yake pia. Loveness akatikisa kichwa, akasema kweli, Erasmus naye alishawaambia ladha ya supu hii iko chini sana, haipigi kelele. Akaitia kwenye chupa, akaifunga kwa taulo isipoe, akaenda nayo kazini ili Erasmus aionje kabla ya Jumamosi.

Alirudi saa kumi na mbili jioni. Alikuwa ameomba kutoka mapema, akasema kichwa kinamuuma. Akakaa mlangoni bila kuvua viatu. Alinisimulia taratibu, kama anasimulia habari za mtu mwingine. Erasmus aliifungua ile chupa mbele ya Stanley na wapishi wengine, akamimina kwenye kikombe, akanywa. Akamuuliza hii ameichota bombani au ameinunua dukani. Wakacheka wote. Hata yeye Loveness alicheka, maana alidhani ni utani. Erasmus akamwambia hana utani, Jumamosi asimletee maji.

Kisha akaniangalia. "Bibi, leo asubuhi ni wewe uliyechukua jagi kwa Yasmini?"

Nikamwambia ni mimi.

"Maji yake uliyafanyaje?"

"Niliyamwaga. Yalikuwa machafu. Nikaweka mengine."

Hakupaza sauti. Alianza kufungua kamba za kiatu, akaziacha. "Kwa hiyo ile niliyokupa ilikuwa maji ya bomba."

"Kulikuwa na uyoga."

"Uyoga umekamuliwa, bibi. Mie nikaona ni maji, nikasema labda sijui. Wewe ukaonja ukasema imepita ya juzi. Umeionja mara mbili wiki hii. Ya juzi ilikuwa chungu, sivyo?"

Nikamwambia sijui.

"Hujui vipi?"

"Sisikii ladha, Love. Tangu Kamachumu."

"Kamachumu ya lini?"

"Ya mama yako."

Nje Yasmini alikuwa anagongagonga barafu kuitoa kwenye kopo. Tuliisikiliza mpaka akamaliza. Loveness akavua kiatu kimoja. Nilitegemea atauliza habari za hospitali, au atauliza kwa nini nilificha. Akasema kitu kingine, na nadhani alikuwa nacho siku nyingi.

"Mie nilijua umemsahau. Nakuonaga unakula, unafunika sufuria, unalala. Mie nalia kule chumbani, wewe unakoroma. Nikasema huyu bibi hana habari kabisa."

"Nakula kwa sababu ni saa ya kula," nikamwambia.

"Ungeniambia tu. Ningeonja mwenyewe."

Alikuwa amebakiza siku moja, jani limekwisha, uyoga umekwisha, na hajawahi kupika ile supu ikatoka sawa hata mara moja. Hajui hata ikitoka sawa inakuwaje mdomoni. Mambo hayo niliyapanga kichwani moja baada ya jingine na niliyaona wazi yote, lakini hakuna hata moja lililonichoma. Nilijua tu kwamba yangepaswa kunichoma. Akaenda kulala bila kula. Nilifunika sufuria, na nilipokuwa naifunika nikajiona ninavyofanya.

Ijumaa asubuhi, alipoondoka kwenda kazini, nikaenda Tandale sokoni. Yuko mama mmoja pale, Yustina, Mmakonde wa Newala, anauza vitu vya kusini: korosho, makopa, uyoga wa porini uliokaushwa. Zamani nilikuwa nanunua kwake kila mwezi. Nilimkuta amekaa kwenye gunia lake akichambua korosho, na aliponiona hakusimama.

Akasema Mhaya umepotea, mie nilijua umeshaolewa tena. Nikamwambia nani wa kunioa mimi. Akasema wazee wapo, meno hawana lakini wapo, tena wanapenda ndizi kwa sababu hazitafunwi. Yule muuza nazi wa pembeni akacheka. Mimi nikangoja wamalize. Nikamwambia nataka uyoga mkavu, wa kutoa mchuzi.

Akachukua kopo la kupimia. "Felista hajambo?"

"Felista tulimzika mwezi wa kwanza."

Kopo lilikuwa limeshajaa. Akalirudisha kwenye gunia, uyoga ukamwagika humo humo. Muuza nazi akaangalia pembeni.

"Mbona hukunipigia? Namba yangu unayo."

"Ninayo."

Akanisogezea kigoda nikae. Hakuniambia pole, wala hakusema kazi ya Mungu. Aliendelea kuchambua korosho na mimi nikachambua, zilizovunjika huku, nzima huku. Tulijaza sinia moja. Ndipo akaniuliza huo uyoga ni wa kazi gani, nikamweleza yote, habari ya mwani na jagi na maji niliyoyamwaga. Nilipofika kwenye maji akasimamisha mikono.

Akaniambia ningekuwa binti wa mama yake ningechapwa. Uyoga mkavu unausuuza haraka haraka kutoa mchanga, maji hayo ndiyo ya kumwaga. Halafu ndiyo unauloweka, na ya kulowekea hayaguswi, hata yakiwa meusi. Unayachuja kwa kitambaa, mchuzi wote umo humo. Akasema nyie Wahaya mnajua ndizi tu. Akanifungia uyoga kwenye gazeti, akakataa kulipwa, na nikaona kuendelea kubishana kungemchosha, nikaondoka.

Loveness alirudi saa kumi. Nilikuwa nimeshausuuza na kuuloweka tangu saa saba, nusu kwenye bakuli moja, nusu kwenye jingine, na sikuwa nimemwaga kitu. Aliinama akanusa. Akasema siyo wenyewe, huu unanuka moshi, na mwani hakuna. Nikamwambia najua siyo wenyewe. Kisha akavaa aproni yake ya kazini, akawasha gesi kwa moto mdogo.

Nilikuwa nimemwita Yasmini kwa sababu ulimi anao. Alikuja na mtoto wake mgongoni, akakaa kwenye ndoo aliyoifudikiza. Supu ilipopata moto Loveness akachuja, akachota kwenye mwiko, akageuka, na mkono wake ukanijia mimi. Alikuwa amesahau. Au hakusahau, mkono tu ndio ulikuja.

Nikaushika mwiko kwenye mpini, nikaugeuza ukamwangalia yeye. "Onja wewe."

"Bibi, wewe ndiye mkubwa."

"Onja. Mimi hapa ni wa kuosha sufuria."

Akabaki ameushika. Yasmini akasema tukishamaliza kukaribishana tumwambie, maana supu inapoa na mtoto wake anataka kunyonya. Loveness akaonja. Akafumba macho, akayafumbua. Akampa Yasmini, na Yasmini akasema hii ni supu ya mtu aliyegombana na mumewe, chumvi hakuna, pilipili hakuna, lakini ukiimeza unataka nyingine, sasa sijui kwa nini. Loveness akasema hapana, hii mwisho wake ina uchungu, nimeiacha sana motoni. Yasmini akaonja tena, akasema mbona kweli.

Ikamwagwa. Akapika bakuli la pili, akazima gesi mapema. Akaonja mara tatu, katikati anakunywa maji. Hakumtazama mtu. Akasema, "Hii."

Nikamuuliza amejuaje. Akafikiri. Akaniambia ile ya kwanza inakaa hapa mbele kisha inaacha ukali, hii inashuka inabaki nyuma kule, kama umekula kitu na hujala. Nilimsikiliza kama mtu anavyosimuliwa mji aliouhama, huyu anauza wapi siku hizi, nyumba ile nani anakaa. Nilikuwa naujua. Ila sikuwa pale.

Jumamosi aliondoka kabla ya jua. Mimi nikafua. Nikaanika, nikachambua mchele, nikakaa. Saa nane mchana akarudi na mkate, akauweka mezani, akaomba maji ya kunywa. Alikunywa vikombe viwili ndipo akaanza kusema.

Waliwapa sufuria sawa, jani sawa, uyoga sawa, vyote vimelowekwa tangu jana. Erasmus alisimama katikati, mikono nyuma. Kila mmoja alipomaliza, kabla hajaonja alimuuliza swali moja tu, imefika? Stanley akamwambia chef onja wewe utaniambia. Erasmus akaonja ya Stanley, akaandika kwenye daftari. Akaja kwa Loveness. Imefika?

"Nikamwambia haijafika," Loveness akasema. "Nililitoa jani nimechelewa. Kidogo tu, lakini niliusikia uchungu. Stanley akanikanyaga mguu, eti nyamaza. Nikaomba nianze upya."

Erasmus alionja ile iliyoharibika, akamimina kwenye sinki mwenyewe, akampa jani jingine. Lililolowekwa usiku mzima halikuwepo tena, kwa hiyo Loveness akaloweka nusu saa tu, wapishi wengine wanaangalia saa, wateja wa mchana wanakaribia. Stanley alishaanza kuosha vyombo. Loveness akaipasha, akalitoa jani, akachuja, akaonja. Erasmus akaja. Imefika? Akamwambia imefika. Erasmus akaonja, akafuta kijiko kwa kitambaa, akaonja tena, akasema Jumatatu saa mbili.

"Saa mbili ya nini?" nikamuuliza.

"Ya jikoni, bibi. Saa ya kuosha vyombo ni saa nne."

Nikamwambia vizuri. Nilijua ni vizuri. Nililijua kama unavyojua kwamba leo ni Jumamosi. Yeye alinitazama usoni akitafuta kitu, nami nikamwacha atafute, sikujitengenezea sura. Akasema Jumatatu hiyo hiyo atahitaji kulala kule, zamu yake inaisha saa tano usiku. Akauliza nitapikaje peke yangu, nitajuaje chumvi. Nikamwambia nitapima kwa kijiko cha chai, na Yasmini amesema nimpitishie sufuria dirishani. Akauliza kama nitakwenda hospitali. Nikamwambia Jumatano, akasema Jumatano ana mapumziko, tutakwenda wote. Nikasema sawa. Safari hii nilikuwa namaanisha jambo moja.

Jumapili baada ya misa akaanza kufunga vitu vyake. Havikuwa vingi. Kule Msasani kuna kitanda, godoro hakuna. Nikamwambia achukue lake analolalia. Akasimama kwenye mlango wa chumba cha mama yake, ambamo tulikuwa tunaweka magunia na pasi, akasema anataka lile.

Lilikuwa bado juu ya kitanda, limefunikwa shuka lile lile. Hakuna aliyeligusa tangu Januari. Nikatoa magunia. Nikalivuta shuka, nikalikunja mara nne. Godoro lilikuwa na bonde upande wa ukutani, upande aliokuwa analalia. Tukalishika, mimi mbele, yeye nyuma, tukalipitisha mlangoni kwa ubavu, tukalilaza juu ya viti viwili pale uani kwenye jua. Loveness akaleta fimbo ya kupigia mazulia na mimi nikachukua mwiko wa ugali. Tukaanza kupiga, yeye upande wake, mimi upande wangu. Vumbi lilitoka jingi. Tulipiga kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Yasmini akatokea na ndoo yake ya barafu, akauliza jamani mna kunguni.

"La Felista," nikamjibu. "Linahama."

Akaitua ndoo chini. Jua lilikuwa kali na barafu ilikuwa ya kuuza, lakini aliiacha pale, akaja kutusaidia kuligeuza upande wa pili.